Asilimia 45 na dole gumba linalouma: kisa cha mtaalamu wa masaji

Mhusika wa kisa hiki ni mwanamke wa miaka 29. Alisomea masaji, akapata cheti, na kwa miaka minne sasa anafanya kazi katika spa moja yenye wateja wengi. Nilikuwa mwalimu wake. Alipokuja kuomba ushauri alikuwa na maswali mawili, na kwake yalikuwa mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza lilikuwa la mkataba. Mwajiri anataka kumpandishia kamisheni kutoka asilimia 40 hadi 45, na wakati huohuo kliniki moja ya fiziotherapia imempa nafasi ya kulipwa kwa saa, kwa kiwango ambacho ukikitazama haraka unakiona kidogo. La pili lilikuwa la mkono. Dole gumba la kulia lilikuwa likimuuma kwa miezi, na usiku vidole vinakufa ganzi hadi anaamka na kuukung'uta mkono.

Ameniruhusu kukiandika kisa chake, nami nimeondoa chochote kinachoweza kumtambulisha. Nakiandika kwa sababu naamini maswali yake mawili ni swali moja. Mkandaji anauza saa za mikono, na mwili haumpi saa nyingi za namna hiyo kwa wiki. Kwa hiyo mkataba wowote wa kazi hii naupima kwa mambo mawili: nani anazilinda hizo saa, na nani analipia muda unaobaki. Kiwango cha malipo kwa mteja mmoja, ambacho ndicho kila mtu hukiuliza kwanza, mimi hukiangalia mwisho.

Mkono

Nilimwomba anikande mgongo, kisha amkande mwanafunzi wangu mmoja nikiwa nimesimama kando natazama. Dakika kumi zilitosha. Kila alipopita kando ya uti wa mgongo alisukuma kwa ncha ya dole gumba, na kiungo cha katikati cha dole hilo kilikuwa kinapinda kwenda nyuma, kama kinataka kuvunjika. Mabega yake yalikuwa juu, karibu na masikio. Miguu imesimama sambamba, magoti yamenyooka. Nguvu yote ilikuwa inatoka kwenye kifundo cha mkono na kidole. Uzito wa mwili wake, ambao angeupata bure, haukuwa unafanya kazi yoyote.

Sikumfundisha hivyo, na nilimwambia. Jibu lake ndilo lililonifungua macho. Vitanda vya pale kazini, alisema, vimefungwa kwa bolti, na urefu wake ulipangwa kwa kumtazama mwenzake aliye mrefu kuliko yeye. Kipimo tunachokifundisha ni rahisi: simama kando ya kitanda, mikono imening'inia, kunja ngumi, uso wa kitanda uwe karibu na vifundo vya vidole, na ukitaka kukanda kwa nguvu zaidi ushuke kidogo. Kwake kitanda kinafika juu ya kifundo cha mkono, na ukishamlaza mteja mnene juu yake, mgongo anaoukanda unakaribia usawa wa kiwiko. Kutoka hapo huwezi kuegemea. Unabaki kusukuma, na cha kusukumia ni dole gumba.

Kuna jambo la pili. Wateja wanamtaka yeye kwa jina kwa sababu ana nguvu. Spa inauza masaji ya kukandamiza misuli ya ndani kwa bei ya juu kuliko ile ya kupumzisha, na dada wa mapokezi, bila nia mbaya, anampangia wateja wa namna hiyo mmoja baada ya mwingine. Kwenye ratiba kila mteja ana saa moja, na saa inayofuata inaanza pale ile ya kwanza inapoishia. Kubadilisha shuka, kuosha mikono, kumsindikiza mteja, kupasha mafuta, kunywa maji: hayo yote hayana nafasi kwenye ratiba. Anayafanya mbiombio, au anayaiba kwenye dakika za mteja.

Nilimtuma kwa daktari kabla ya kujadili mkataba wowote. Daktari alimwambia akunje ngumi huku dole gumba likiwa ndani ya vidole, kisha aupinde mkono kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Alipiga kelele. Tatizo hilo lina jina la mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyelieleza mwaka 1895: ala inayozifunika kano mbili za dole gumba, pale kwenye kifundo cha mkono, inakuwa nene na kano hazitelezi tena kwa urahisi. Ganzi ya usiku kwenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati ni jambo jingine. Hiyo inaashiria neva inayopita kwenye njia nyembamba chini ya kiganja kuwa inabanwa. Aliambiwa haijafika pabaya, lakini ikiachwa kwa muda mrefu misuli iliyo kwenye kitako cha dole gumba inaweza kuanza kusinyaa, na mkandaji aliyepoteza misuli hiyo amepoteza kazi.

Akapewa kifaa cha kushikiza kifundo na kukatazwa kukandamiza kwa dole gumba kwa wiki sita. Wiki mbili za kwanza hakufanya kazi kabisa, na spa haikumlipa kitu. Kwenye karatasi zake yeye ni mshirika huru anayejiajiri, na anayejiajiri hana likizo ya ugonjwa.

Hesabu

Kwa kuwa kisa hiki kinaweza kumhusu mkandaji wa popote, sitataja fedha ya nchi yoyote, nitatumia namba tupu. Tuseme mteja wa spa analipa 100 kwa saa moja. Kwa mkataba mpya mkandaji anapata 45. Bakshishi, akizichanganya za wakarimu na za wasiotoa, yeye mwenyewe anazikadiria kuwa 10 kwa mteja. Halafu anakatwa 5 za mafuta na kufua shuka, kipengele ambacho kipo kwenye mkataba wa zamani na kimebaki kwenye mpya. Kinachoingia mfukoni ni 50.

Kliniki inalipa 25 kwa saa.

Ukisimama hapo, na yeye ndipo aliposimama, spa inalipa mara mbili. Nikamuuliza anakaa spa saa ngapi kwa siku. Kumi, siku sita kwa wiki. Wateja wangapi? Siku tatu za wiki ni sita, siku tatu nyingine ni wawili tu, na saa zinazobaki anakaa chumba cha wafanyakazi amevaa sare akisubiri kuitwa. Haruhusiwi kutoka. Basi wiki moja ina wateja 24, ambao ni 1200, kwa saa 60. Saa moja ya maisha yake pale inalipwa 20, na ili apate hiyo 20 lazima siku tatu akande watu sita mfululizo.

Kliniki ni saa saba kwa siku, siku tano, hivyo 875 kwa wiki. Bakshishi hakuna. Wateja hawazidi wanne kwa siku, na kati yao kuna muda wa kuandika kumbukumbu za mgonjwa. Hakuna kipengele kinachomzuia kuwa na wateja wake nje ya saa hizo. Ana wateja wawili wa zamani ambao wamekuwa wakimwomba aende nyumbani kwao. Akitoza 100 na kutumia 20 kwa usafiri na mafuta, wawili hao wanamwachia 160. Jumla 1035, kwa saa kama 39 hivi ukihesabu na njia.

Sitaki mtu aone kama nimezichezea namba ili kliniki ishinde. Haikushinda. Kwa wiki nzuri spa inamwachia 165 zaidi, na kwa mtu mwenye kodi ya nyumba na mzazi wa kumtunza hizo ni fedha zenye kazi. Lakini siku moja tu ya wateja sita ikigeuka kuwa ya wateja wawili, 1200 inashuka hadi 1000 na tofauti yote imekwisha. Wiki mbili za kuugua zinaondoa 2400, wakati kliniki inalipa siku za ugonjwa. Na hizo 165 anazinunua kwa saa 21 za ziada ndani ya jengo la watu. Hasara ya siku zisizo na wateja spa imeihamishia kwa mkandaji, na asilimia 5 anazoongezewa hazifiki hata robo ya hasara hiyo.

Idara ya takwimu za kazi ya Marekani, ambayo hufuatilia taaluma hii kwa karibu, inasema waziwazi kwamba kwa sababu ya uzito wa kazi mkandaji anaweza asimudu kukanda saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki. Idara hiyohiyo ilikadiria kuwa ajira za wakandaji nchini humo zingeongezeka kwa asilimia 18 kati ya 2023 na 2033, wakati wastani wa kazi zote ulikuwa asilimia 4. Vyuo hupenda kubandika hiyo 18 ukutani. Ningependa wabandike na ile sentensi ya kwanza, maana ukizisoma pamoja unaelewa kwamba kazi zipo, ila nyingi si za saa kamili, na mtu anayetaka kuishi kwa kazi hii lazima apange kuanzia mwanzo jinsi ya kulipwa kwa muda ambao mikono yake imepumzika.

Kipengele cha tisa

Nilikuwa nimeridhika kwamba tumemaliza hesabu hadi nilipousoma mkataba mpya wote. Kipengele cha tisa kinasema mshirika "hatamkataa mteja yeyote aliyepangiwa". Nikamuuliza kwa nini kimeongezwa, kwa kuwa kwenye ule wa zamani hakikuwepo. Akanyamaza kidogo, kisha akaeleza.

Miezi mitatu nyuma mteja mmoja aliisukuma shuka pembeni mara mbili, na mara ya pili akamshika mkono na kumwambia anachotaka. Alifanya tulichomfundisha: akarudi nyuma, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba masaji imekwisha, akatoka na kuacha mlango wazi. Meneja alimrudishia mteja fedha zake na kuomba radhi. Kamisheni ya saa ile ikafutwa. Wiki iliyofuata jina la mteja yuleyule likaonekana kwenye ratiba, chini ya jina lake. Alipokataa, aliambiwa anaharibu biashara. Mkataba mpya ulikuja baada ya hapo, na kipengele cha tisa ndani yake.

Hilo nalihesabu kuwa zito kuliko kano na kuliko hesabu. Taaluma yetu imelipigania jambo hili kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1894 nchini Uingereza, magazeti yalipojaa habari za nyumba zilizojificha nyuma ya jina la masaji, wanawake wanne waliokuwa wauguzi na wakunga walianzisha chama cha wakandaji waliofunzwa, wakaweka mitihani na kanuni za mwenendo ili mkandaji wa kweli ajulikane na alindwe. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wanafiziotherapia wa nchi ile. Waliona mapema kwamba bila kanuni inayompa mkandaji haki ya kusimamisha kazi, aibu ya mteja itabebwa na aliyekandwa na aliyekanda kwa pamoja, na aliyekanda ndiye atakayeumia zaidi.

Leo kuna chombo chenye nguvu zaidi. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2021, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, na unataka hata ule unaotoka kwa watu wa nje, kama wateja, uzingatiwe. Unawalinda watu wanaofanya kazi bila kujali mkataba wao unawaita nani. Si nchi zote zimeuridhia, kwa hiyo kila mkandaji aangalie sheria ya kwao. Ila mwajiri hawezi tena kusema kwamba mikono ya mteja haimhusu.

Na hilo jina la "mshirika huru" nalo halina msingi hapa. Spa inampangia zamu, inamvalisha sare, inaweka bei, inamkataza kutoka, inamkataza wateja wake binafsi, na sasa inataka kumnyima hata haki ya kukataa. Pendekezo namba 198 la shirika hilohilo, la mwaka 2006, linaelekeza kwamba ajira itambuliwe kwanza kwa kutazama kazi inavyofanyika na inavyolipwa, hata kama makaratasi yanasema vingine. Mahakama za nchi nyingi hufuata mantiki hiyo. Nilimwambia wazi kwamba ana hoja ya kudai malipo ya siku za ugonjwa. Nilimwambia pia kwamba kudai kunachukua muda, kunachosha, na mara nyingi kunafunga milango kwenye mji ambao wamiliki wa spa wanajuana. Uamuzi ulikuwa wake.

Ushauri, na kilichofuata

Sikumwambia aende kliniki palepale. Nilimwambia aombe mambo manne kwa waajiri wote wawili, kwa maandishi, aone nani anajibu nini: kitanda kinachobadilika urefu, dakika kumi na tano kati ya mteja na mteja, wateja wasiozidi wanne kwa siku, na haki ya kusimamisha masaji bila kukatwa malipo. Nilitaka majibu yao yafanye kazi ambayo maneno yangu yasingeweza. Mwanafunzi akiambiwa na mwalimu aache fedha, daima hubaki na shaka kwamba mwalimu hajui shida zake.

Spa ilijibu kwa mdomo kwamba kitanda "kitaangaliwa", dakika kumi na tano haziwezekani siku za wikendi, na kipengele cha tisa ni cha kawaida. Kliniki iliandika barua. Ilikubali mambo matatu. Kitanda cha umeme ilikataa kwa sababu ya gharama, ikatoa cha mbao chenye miguu ya kurefusha na kufupisha kwa skrubu. Kukirekebisha kunachukua dakika mbili. Kwangu kinatosha kabisa, mradi achukue hizo dakika mbili kila anapobadilisha aina ya mteja, jambo ambalo wengi hulipuuza wakichoka.

Alikwenda kliniki. Tulitumia wiki za mapumziko kujifunza upya kukanda bila vidole: kigasha kwa mgongo na mapaja, kiwiko kwa makalio na misuli migumu ya bega, ngumi laini kwa nyayo, mguu mmoja mbele na goti limekunjwa ili uzito wa mwili ushuke wenyewe. Dole gumba libaki la kupapasa na kutafuta mahali penye tatizo, kisha lipishe. Mwanzoni alichukia. Alihisi haoni, kwa kuwa miaka yote alikuwa ameyasoma maungo ya watu kwa ncha za vidole, na kigasha hakisomi hivyo. Ilimchukua muda kukiamini.

Kuna alichopoteza, na lazima kisemwe. Wateja wengi waliomfuata kwa ajili ya nguvu hawakumfuata kliniki. Mapato yake ya miezi miwili ya kwanza yalikuwa chini ya hesabu yetu, kwa sababu mmoja wa wale wateja wawili wa nyumbani aliacha. Kazi ya kliniki pia ina uchovu wake: wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu hawaondoki wakitabasamu kama watu wa spa, na kuandika kumbukumbu za kila mgonjwa kumemlazimu arudi kusoma anatomia aliyokuwa ameisahau. Amejifunza kuuliza, kabla ya kugusa mguu uliovimba upande mmoja na wenye joto, kama kuna uwezekano wa damu kuganda, na kumrudisha mgonjwa kwa daktari badala ya kumkanda.

Ninachokiona mbele kwake ni kizuri zaidi upande huo. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na masaji imetajwa humo miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, kwa masharti na ndani ya mpango mpana wa matibabu. Shirika hilo linakadiria kwamba watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Mkandaji anayejua kuandika kumbukumbu, kuzungumza na daktari, na kusema "hapa siyo kazi yangu" atahitajika, na atahitajika hata akiwa na miaka 50. Anayetegemea nguvu ya dole gumba sijui wengi waliofika huko.

Ganzi ya usiku imeisha. Maumivu ya kifundo yamepungua sana, ingawa bado anahisi kuchomwa akifungua kifuniko kigumu, na daktari amemwambia anaweza kuhitaji sindano kama yakirudi. Kuhusu spa, alipeleka barua ya kudai kamisheni iliyofutwa pamoja na malipo ya wiki mbili za ugonjwa, akiambatisha nakala za ratiba alizokuwa amezipiga picha kila wiki kwa simu yake. Kamisheni wamemlipa. Za ugonjwa wamekataa, na shauri liko kwa ofisa wa kazi.